Mshipi wa Ufito wa Baba

Mtalaka wangu aliingia dukani Alhamisi asubuhi, mke wake mpya yuko kando yake na ufito wa kuvulia wa marehemu baba yangu uko begani. Mke nilimsamehe papo hapo, maana hakujua anaingia wapi. Ufito ndio ulionitibua nyongo. Ulikuwa ndani ya mfuko ule ule wa kitambaa cha kijani niliouvalia miwani kuushona, na yeye kaubeba kama bomba la kuzibulia choo.

Nilisema karibuni. Duka ni duka.

Duka langu ni jembamba na refu, limebanwa katikati ya muuza miwani na ofisi ya wakili, na lina harufu ya gundi na vanishi isiyotoka hata ukifungua mlango wa nyuma. Nauza vifaa vya uvuvi wa mtoni, tena uvuvi wa aina moja tu. Wavuvi wengi hutupa chambo kizito na mshipi ukakifuata. Sisi tunavua kwa nzi wa kutengeneza, na nzi huyo ni unyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoano ndogo, hana uzito wa kumfikisha popote. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe. Mshipi ndio mzito, na nzi anafuata nyuma kama mgeni aliyealikwa na mgeni. Kwa sababu hiyo kila ufito una namba ya mshipi wake. Namba ndogo ni mshipi mwepesi, namba kubwa ni mzito. Ufito ukipewa mshipi mwepesi mno, utabaki kuupungia upepo mkono. Ukipewa mzito mno, ule wa kisasa utavumilia kwa manung'uniko, lakini ule wa mwanzi, kama wa baba, utavunjika.

Baba aliutengeneza mwenyewe. Alikuwa seremala wa samani, na fito zilikuwa ugonjwa wake. Alipasua mwanzi vipande vyembamba, akavipiga randa hadi vikakaa sawa, akavigandisha upya kwa gundi. Nyuzi za hariri zinazoshika vipete, zile pete ndogo za kupitishia mshipi, niliziviringisha mimi. Vanishi niliipaka mimi, tabaka juu ya tabaka, nikiziba pua. Mishipi ya kuujaribia niliibadilisha mimi, namba baada ya namba, mpaka tulipoupata wake. Ila kuurusha hakuniruhusu hata mara moja. Alipozidiwa na ugonjwa, alimwita mkwewe kitandani akampa, akasema ufito ni kitu cha mwanamume. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe cha dawa mkononi. Nilimnywesha dawa yake, nikatoka nje, na tangu siku hiyo hadi tunamzika sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Ndoa ilipokufa hatukuwa na mtoto wa kugombania, tukagombania ufito. Tena tusingegombania hata huo kama ningefumba mdomo wangu. Alikwisha kubeba nguo zake, redio yake na kile kiti chake kibovu, na ufito alikuwa ameusahau nyuma ya kabati. Mimi, kwa akili zangu ndogo za siku ile, nikamwambia chukua vyote lakini niachie ufito wa baba. Nikatia na machozi juu yake. Aligeuka mlangoni, akarudi, akauchukua.

Hapo lazima nieleze maradhi yake, maana hadithi yote iko humo. Kimoyomoyo nilimwita Bwana Kinyume. Likitoka kinywani mwangu neno kulia, yeye ataona kushoto ndiko kwenye heri. Nilimwambia gari lile usinunue, akalinunua, tukalisukuma mtaa mzima tukiwa na nguo za harusi ya watu. Nilimwambia jino hilo kalitoe, akatembea na shavu lililovimba mpaka watoto wa jirani wakawa wanamkimbia. Hafanyi kwa makusudi, hilo ndilo linalokera zaidi. Yeye anaamini kabisa kwamba amefikiri.

Sasa alisimama mbele ya kaunta akaeleza shida yake, akiitazama rafu ya nyuma yangu badala ya kunitazama mimi. Anafanya kazi kampuni ya bima. Mkurugenzi wao ni mpenzi wa uvuvi huu, na Jumamosi amemwalika mtoni, na nafasi ya umeneja wa tawi iko wazi. Mshipi wa zamani umekauka, umepasukapasuka. Anataka mpya.

"Mke wangu alinikataza nisije hapa," akasema. "Nikamwambia mimi sina mtu ninayemwogopa."

Mke alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, kavaa fulana yenye jina la chuo cha udereva anakofundisha, na macho yake yalikuwa yakipita kwenye kila kitu dukani bila haraka. Nilimuuliza bwana namba ya ufito. Hajui. Namba aliiandika baba kwa wino karibu na mshikio, na yeye alikuwa ameufuta ufito kwa spiriti ili ung'ae, na wino ukaenda na spiriti.

Niliuomba niuone. Nikautoa mfukoni, nikaunganisha vipande vyake viwili kwenye kiungo cha shaba, nikauinua. Mkono wangu uliujua kabla mimi sijajiandaa, na roho iliniuma kiasi kwamba nilijifanya nakagua dari. Halafu nikakagua kweli. Juu kidogo ya kiungo, vanishi ilikuwa na ufa mwembamba. Mwanzi wenyewe ulikuwa bado mzima. Nilijua jinsi bwana huyu anavyorusha: kwa bega zima, kama anatupa taka ng'ambo ya ukuta. Kwa mshipi wake, namba tano, ufito ungestahimili hata bega hilo. Namba saba ingeukata pale pale penye ufa, labda mrusho wa kwanza, labda wa tatu, lakini usingerudi nyumbani mzima.

Basi nikabaki na ufito mkononi, nikiwa na ukweli mdomoni ambao nikiutoa utaua nilichotaka kukiokoa. Nikisema tano, atachukua saba, na hilo nilikuwa na hakika nalo kuliko nilivyo na hakika na jina langu. Nikikataa kumuuzia, ataenda lile duka kubwa la michezo, ambako wauzaji wanamuuzia mtu chochote kinachong'aa. Sikuwa na huruma naye hata chembe. Angevunjika yeye mtoni, ningefunga duka nikale keki. Lakini ufito haukuwa na kosa.

Nikavuta pumzi, nikaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Huu ufito unataka namba saba," nikasema. Nikaiteremsha saba kutoka rafuni, nikaifuta vumbi, nikaiweka mbele yake. Nikamweleza kwamba mshipi mzito unafika mbali, unakata upepo, na kwamba mkurugenzi atamtazama mara mbili. Nikaongeza kwamba hata baba alivulia saba. Mungu anisamehe, niliapa kwa marehemu.

Aliitazama saba. Akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na nikaona lile tabasamu lake la upande mmoja likijitokeza taratibu. Akauliza kwa nini ile pale, namba tano, siisemi. Nikasema tano ni ya wanafunzi. Nikasema atajuta. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeficha kitu, kwamba tano zenyewe zimebaki chache na nina mteja wangu ninayemwekea.

"Nipe tano," akasema.

Nilibishana naye kidogo, kwa heshima ya mchezo. Nikamuuliza tena kama ana hakika, nikaguna, nikatikisa kichwa. Alipogeuka kwa mkewe alikuwa amevimba kichwa. Akamwambia kwamba mimi naijua biashara, nataka kumsukumia ile saba kwa sababu imenidodea, na kwamba yeye alinijua zamani. Mke akaitikia kwa kichwa. Walitoka, ufito begani, na ncha yake ikanusurika kugonga mwimo wa mlango wangu.

Ningetakiwa nifurahi. Badala yake nilikaa kwenye stuli yangu nikiwa na hasira mpya kabisa. Mshipi ule utaruka vizuri Jumamosi. Utakunjuka juu ya maji kwa ulaini ambao baba aliutafuta miezi kwa miezi, na sifa ataipata yeye, na mkono uliompa ni wangu. Nilifunga nzi mmoja kwa hasira hiyo na nikamkata kichwa kwa mkasi.

Mchana, gari la chuo cha udereva lenye kibao juu ya paa likasimama mbele ya duka. Mke mpya akashuka peke yake.

"Dada, naomba ile namba saba," akasema. "Ila iwe ya kijani, kama ile tano. Rangi isitofautiane."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi kupita kiasi. Haikufika hata jioni. Nilimuuliza saba ya nini. Akanieleza bila kuzunguka. Alikuwa ameona wazi kwamba mimi nilisema saba na mumewe akachukua tano kwa sababu tu mimi nilisema saba. Amezoea kumwona akifanya hivyo. Jumamosi atakwenda kuaibika mbele ya mkurugenzi, na cheo kitampita, na nyumbani atakayelipia aibu hiyo ni yeye mke. Kwa hiyo leo, mume akiwa bado kazini, ataitoa tano kwenye kigurudumu cha kuviringishia mshipi, ataiviringisha saba, na mume hatajua lolote.

"Kazi yangu ni kukaa pembeni na breki ya pili mguuni," akasema. "Nakanyaga, na mwenyewe anadhani kasimama kwa akili yake."

Nilimwambia saba simuuzii. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ufito ni wa tano, na saba itauvunja.

Akasema, kwa upole ule ule, kwamba asubuhi niliapa kwa jina la baba yangu kuwa ni saba. Nikasema nilidanganya. Akauliza kama nina desturi ya kumdanganya mteja kisha nikamuuzia kitu sahihi, maana yeye hajawahi kusikia biashara ya namna hiyo. Hapo nilishindwa kujibu haraka, na kuchelewa kwangu akakuchukulia kuwa ushahidi.

"Naona sasa," akasema. "Unataka akaaibike. Asubuhi ulisema kweli kwa mazoea ya kazi, na mchana ndio umekumbuka kwamba unamchukia. Mimi nakuelewa. Lakini aibu yake inalala kwangu, hailali kwako. Usiponiuzia, duka kubwa wanazo."

Akageuka kwenda. Damu ilinichemka, maana nilikuwa nimesema kweli mara moja siku nzima ile na ndiyo iliyonifanya mwongo. Nikamwambia asubiri. Nikachukua ufito wa dukani, wa kisasa, wa namba tano, nikachukua na mishipi yote miwili, nikamfungulia mlango wa nyuma.

Nyuma ya duka kuna uwanja mwembamba wa sementi baina ya kuta mbili, wateja hujaribia hapo. Niliupitisha mshipi wa saba vipeteni nikampa ashike. Akasema hajawahi kushika kitu hiki, mumewe hataki uguswe. Nikamwambia hata mimi ule wa baba sijawahi kuurusha, tuko sawa, ashike tu. Nikamwonyesha: nyuma, subiri, mbele, simama. Alirusha. Ufito ulipinda mpaka karibu na mshikio, ukatetemeka, na mshipi ukadondoka kwa rundo miguuni pake. Akarudia, ukadondoka tena. Aliutazama ulivyokuwa ukitetemeka mkononi akasema anaijua hiyo, ni gari dogo lililopakizwa mawe. Nikabadilisha, nikampa tano.

Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili alisubiri kidogo mpaka mshipi ukanyooka nyuma, akaupeleka mbele, na ukakunjuka juu ya sementi wote, ukalala kwa unyoofu hadi ukutani. Mwanamke yule aliutazama, kinywa wazi kidogo. Nilimwonea wivu uliokaribia kunitoa machozi. Mimi kila siku narusha fito za wateja hapa. Lakini nilikumbuka ninavyotaka kuhisi hivyo na ufito mmoja tu.

"Kwa hiyo ulimdanganya ili achague sahihi," akasema.

"Ndiyo."

"Unajua ukimwambia hivi, anafanya vile."

"Ningekosaje kujua? Nimekaa naye ujana wangu wote."

Aliuegemeza ufito ukutani kwa uangalifu, kisha akacheka, kicheko kifupi kilichotokea puani. Akasema yeye alidhani ni ugunduzi wake peke yake. Asubuhi alimkataza asije kwangu kwa sababu alitaka aje kwangu. Mjini watu wote wanasema mwenye kujua mishipi ni mimi. Hakufikiria kwamba na mimi ninacheza mchezo ule ule, wakagongana wachezaji wawili wa upande mmoja. Nilitaka kucheka pia. Nilitabasamu, nikajuta.

"Usifikiri tumekuwa marafiki," akasema, kana kwamba kaliona tabasamu lenyewe.

Nikamwambia wala sikuwaza.

"Huo ufito kauweka nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala. Kila nikifunga mlango naona mshono wako. Mshono mzuri, mnyoofu, na mimi kushona kifungo tu ni taabu. Nimechoka kulala na wewe chumbani, dada. Unautaka?"

Swali hilo nilikuwa nikilisubiri tangu siku alipogeuka mlangoni, na nilikuwa nimedhani litaulizwa na mtu mwingine. Nikasema nautaka. Sauti ilinitoka ndogo kiasi kwamba ilibidi nirudie.

Alipanga yote pale pale, amesimama juu ya sementi, ametia mikono mfukoni. Jumamosi ipite kwanza, cheo kisiguswe. Jumapili ataanza kuupenda ufito. Ataomba utundikwe sebuleni, uwekewe na taa. Atamsifu mzee aliyeutengeneza mpaka mume achoke kulisikia jina la mkwe wake wa kwanza. Mume ataona haja ya kuutoa nyumbani, na kwa kuwa yeye mke atasema popote ila kwa yule mwanamke, atauleta kwa yule mwanamke. Kilichobaki ni changu.

"Akiona unautaka, atauondoa," akasema. "Na usiukatae kwa mdomo tu. Anakujua uso."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia hilo niachie mimi. Siku zile zilizobaki nilijizoeza mbele ya kioo kidogo cha chooni, nikisema sina nafasi, sina haja, ondoa. Nilijiona mwigizaji mzuri. Kwa kweli nilikuwa na furaha, furaha ya kitoto ya mtu aliyefichiwa zawadi na anajua iliko.

Alikuja Jumatatu, wakati nafungua. Alikuwa na ufito ndani ya mfuko wake, na uso wa mtu aliyelala vizuri. Kwanza alinipa habari za Jumamosi bila kuulizwa. Mkurugenzi alisimama akatazama mshipi wake ukiruka, akauliza nani alimchagulia, naye akajibu alijichagulia mwenyewe, tena kinyume na ushauri wa dukani. Mkurugenzi alipenda jibu hilo sana; alisema anataka mameneja wa aina hiyo. Nilisikiliza yote hayo nikipanga visanduku vya nzi. Meno yangu yaliuma kwa kubanwa.

Kisha akauweka ufito juu ya kaunta.

Akasema amejinunulia wa kisasa. Akasema mkewe amepagawa na huu, anataka kuufanya pambo la sebule, na yeye hawezi kuishi na taa inayommulika marehemu mkwe. Ameona aurudishe ulikotoka. Aliyasema haya polepole, na muda wote huo macho yake yalikuwa usoni kwangu, yakitafuta.

"Sina nafasi," nikasema. "Duka lenyewe unaliona."

"Ni wa baba yako."

"Najua ni wa nani. Upeleke duka kubwa, wauweke dirishani."

Hakuamini. Nilimwona hakuamini. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mfuko, na vidole vilianza kuufunga, na lile tabasamu la upande mmoja lilikuwa njiani. Yote niliyojizoeza mbele ya kioo yalinikimbia. Nilijua nimebakiwa na sentensi moja au mbili kabla hajauinua na kuondoka nao, na safari hii ungepotea kabisa. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Baba yangu hakunipa mimi," nikasema. "Mimi niliviringisha kila uzi uliomo humo. Niliupaka vanishi mpaka nikatapika. Namba ya mshipi wake tuliitafuta wote wawili, na aliyeipata ni mimi, yeye alikuwa anakazania nne. Halafu akakuita wewe. Wewe, uliyekuwa hujui hata upande upi unashikwa. Akaniambia nimletee dawa, akakupa nikitazama. Akafa wiki hiyo hiyo, na hakunigeukia hata kuniambia ahsante. Sitaki ufito wake. Sitaki kitu chochote alichokigusa. Ukiuacha hapa kila asubuhi nitaingia na kukuta kwamba hakunihesabu. Uondoe."

Nje yule muuza miwani alikuwa akipandisha mlango wake wa chuma. Mtalaka wangu alikuwa amerudi nyuma hatua moja, na kwa sekunde chache alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona, na nadhani ni kweli hakuwahi. Kisha maradhi yake yakamrudia. Uso ukatulia. Aliusukuma ufito kwa vidole viwili mpaka ukagusa tumbo langu.

"Utakaa nao," akasema. "Ni baba yako. Jifunze kumheshimu."

Akatoka, na kutoka kwake kulikuwa na madaha. Nilimsikia akimsalimia muuza miwani kwa uchangamfu.

Nilifunga mlango kwa ndani. Nilikuwa nimeshinda, na bado nilishindwa kufungua kamba ya mfuko nilioushona mwenyewe. Nilipoufungua hatimaye, nikauunganisha ufito, nikaupitisha mshipi wa tano, nikatoka nao nyuma kwenye sementi. Nilirusha. Nyuma, subiri, mbele, simama. Ulikunjuka kama nilivyojua utakunjuka miaka yote hiyo, laini, bila kelele, wote hadi ukutani, na baba alikuwa fundi, hakuna atakayemnyang'anya hilo, na mimi pia nilikuwa fundi na hakuna aliyewahi kulisema.

Niliushusha. Nikamwambia baba, kwa sauti, yale yale niliyomwambia yule bwana, neno kwa neno tangu mwanzo, na sasa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.